Vipimo vya Mwaka Jana

Mume wangu hashoni nguo ya mtu kwa vipimo vya mwaka jana. Hata uwe mteja wake tangu kabla hujaolewa, hata uwe jirani anayekuona kila asubuhi ukipita na ndoo, ukiingia na kitambaa chako utasimamishwa mbele ya kioo, utaambiwa upumue kama kawaida yako, na tepu itakuzunguka upya. Wengine hukasirika. "Fundi, si unavyo vipimo vyangu?" Naye hujibu vilevile siku zote: "Nilivyo navyo ni vya yule aliyekuja mara ile." Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Tepu, na mimi ni Mke wa Tepu, jina ambalo sikuliomba lakini nimelizoea.

Kazi yangu mimi ni matundu ya vifungo, mapindo na maneno. Yeye hukata na kushona, mimi humalizia, na katikati huwa nasema. Tumekaa hivyo, meza yake dirishani na kiti changu karibu na pasi, tangu watoto wakitambaa chini ya cherehani hadi wakaoa na kuolewa wakatuachia nyumba. Ni mtu mpole. Nusu ya siku ana pini mdomoni, kwa hiyo ukimuuliza jambo unajibiwa kwa nyusi. Wanawake wenzangu huniambia nina bahati ya mume asiyebishana. Hawajui kwamba ubishi wake ni wa kimya, na huo ndio usioshindika.

Mtu aliyekuwa akimweza ni mmoja tu, dada yake mkubwa, wifi yangu. Wifi alikuwa mtangazaji wa stendi kuu ya mabasi katika mji anaokaa, safari ya siku nzima kutoka kwetu. Yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti: basi gani linaondoka, abiria gani anatafutwa na mwenzake, mtoto gani amepotea na amevaa nini. Kabla ya kusema lolote alikigonga kipaza kwa kidole, tak tak, na stendi nzima ikatega sikio, wachuuzi kwa wapiga debe. Mazoea hayo akayaleta hadi nyumbani. Akikupigia simu unasikia kwanza tak tak, halafu "Mmeamkaje huko?" kwa sauti ya kujaza uwanja. Siku ya harusi yangu alisema mbele ya watu, "Wifi, huyu ndugu yangu nakukabidhi. Akikusumbua niambie, nitamtangaza." Nilimpenda palepale.

Kisha koo lake likaugua. Madaktari waliyaokoa maisha yake, na mpaka leo nawaombea, lakini sauti haikurudi naye kutoka chumba cha upasuaji. Mtu aliyekuwa akisikika hadi geti la mwisho sasa alipewa kalamu na karatasi. Karatasi akazikataa. Ujumbe wa simu hakuujibu, na binti yake alipomwekea simu sikioni atusikie, aliisukuma kama mtoto anavyosukuma dawa chungu. Akafunga pazia la mbele, wageni wakawa wanaambiwa amelala. Mume wangu alisafiri kwenda kumwona, akarudi, akakaa kwenye cherehani asikanyage. Siku ile hakuwa na pini mdomoni, na bado hakusema.

Aliyetutoa gizani ni huyo binti, mpwa wa mume wangu, ambaye anauza kompyuta na vipuri vyake. Alimwekea mama yake mchezo wa malori. Unaendesha lori barabara kuu, unapeleka mzigo, mvua inanyesha, unasimama mizani, na watu wawili walio miji tofauti wanaweza kwenda barabara moja kwa wakati mmoja. "Mjomba," alisema, "mama ameondosha mabasi maisha yake yote, na usukani hajaushika hata siku moja. Mwache naye aondoke. Ila peke yake hataki." Akatutumia kompyuta moja iliyokwisha kutumika, yenye Linux ndani, yaani ule mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao watu wengi duniani wanauandika na kuugawa bure.

Basi kila Jumapili baada ya chakula cha mchana meza ya kukatia ilifutwa chaki, usukani wa plastiki ukabanwa ukingoni, na fundi cherehani akawa dereva. Walikutana kwenye kituo cha mafuta nje ya mji mmoja wa mchezoni, lori jekundu la dada na lori la kijani la kaka, wakaondoka. Wakajitengenezea lugha yao ya honi. Fupi moja ni ndiyo, fupi mbili ni hapana. Ndefu ni kicheko, au matusi, kutegemea nani amekata kona vibaya.

"Leo amelala vizuri," ananiambia bila kugeuka.

"Umejuaje?"

"Honi haina hasira."

Nilimwona mwongo, hadi mpwa alipoanza kutuletea habari. Jumatatu pazia lilikuwa wazi. Jumatatu nyingine mama alikwenda sokoni mwenyewe, akanunua kwa kuonyesha kidole na akapunguziwa bei. Mimi niliyekuwa nikisema michezo ya kompyuta ni ya watoto wasiotumwa dukani, niliumeza ulimi wangu na kushukuru.

Halafu mashine yetu ikafa. Ilitoa harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nailoni, ikazima, isiwake tena. Ilikwenda na kila kitu: safari zake zote, jina lake la udereva, na lile lori la kijani alilolitolea jasho. Hakuwa ameviwekea akiba mahali pengine. Mtu anayehifadhi hadi vifungo vya mashati ya marehemu!

Bahati nzuri tulikuwa tumetoka kumaliza kushona sare za shule nzima, kwa hiyo hatukukwama kwa kununua nyingine. Mpwa alichagua vipande mwenyewe, vipya vitupu, akavituma kwa basi. Kadi ya picha, yaani kile kipande kinachochora barabara na mvua na malori kwenye skrini, ilikuwa imetoka kiwandani mwaka huu huu. Alitupa onyo moja tu: "Mjomba, usiweke Linux yoyote kwanza. Subiri nipate nafasi tuongee. Mashine mpya ina mambo yake."

Mume wangu aliinua nyusi. Alikuwa na flashi ya ile Linux ya kwanza, ileile iliyokuwa kwenye mashine yetu marehemu, na alikuwa na imani nayo. "Ya kale dhahabu," alisema, na ujue jambo ni zito, maana alitoa pini zote mdomoni ili alitamke. Akaichomeka, akaiweka yote, akafuta vumbi ambalo halikuwepo, akarudi nyuma hatua mbili kutazama kazi yake.

Herufi zilijaa skrini kama za bango la barabarani. Intaneti ya hewani mashine haikuiona kabisa, ikabidi tuazime waya kwa jirani yetu kinyozi na kuupitisha dirishani. Mchezo wenyewe ulipofunguka, lori lilikwenda kwa kuruka: picha moja, kimya, picha nyingine, na hapo limeshapita ukutani. Wiki nzima alifungua skrubu na kuzifunga. Akasema kadi ni mbovu. Akasema waya wa kinyozi una kasoro. Linux yake hakuisema vibaya hata mara moja.

Jumapili ya kwanza ilipita. Mpwa alimweleza mama yake kwamba mashine ya mjomba imeharibika, lakini wewe mwenyewe unajua neno "imeharibika" linavyosikika kwa mtu ambaye tayari anadhani amekuwa mzigo. Jumapili ya pili mpwa akafanya kosa la upendo. Alijifungia dukani kwake, akalipaka lori lake rangi ya kijani, akaingia mchezoni badala ya mjomba. Wifi alimwacha amfuate kona moja tu. Akapiga honi fupi mbili, hapana, akazima kompyuta. Kesho yake pazia lilifungwa.

"Nilidhani namsaidia," mpwa alinililia kwenye simu. "Sasa anaamini mjomba amemchoka, na ametuma mtu wa kumdanganya. Mkazamjomba, akijifungia tena safari hii sijui nitamtoaje."

Mkazamjomba ndilo jina analoniita, mke wa mjomba, na akiniita hivyo kwa kilio moyo wangu hukatika vipande. Nilikata simu nikiwa na hasira ya mtu wa kupiga, ila sikujua nimpige nani.

Asubuhi iliyofuata aliingia mkunga mmoja wa zahanati, mteja wetu wa siku nyingi, anataka gauni la kazi kama lile la mwisho. "Vipimo unavyo, fundi, nina haraka." Mume wangu akamsimamisha mbele ya kioo. "Nilivyo navyo," akasema, tepu shingoni, "ni vya yule aliyekuja mara ile." Mimi nilikuwa na sindano katikati ya tundu la kifungo. Niliiweka chini. Nilimngoja mkunga wa watu atoke, nikafunga mlango nusu.

"Mume wangu, ile Linux uliyoiweka imetengenezwa lini?"

Nyusi.

"Toa pini."

Akatoa. "Ina miaka yake. Ni imara. Haijanisumbua hata siku moja."

"Na kadi?"

"Ya mwaka huu."

"Kwa hiyo huyo aliyeishona hiyo Linux, kadi hii aliiona wapi?"

Mkono wake ukaenda kwenye tepu shingoni. Niliona amefika, lakini mimi nikianza huwa siishii njiani. "Mkunga ulimpima juzi tu, na leo umempima tena. Mashine umeiletea nguo ya marehemu, ukaivalisha bila kuipima. Tena umekata bila kupiga bandi!"

Bandi ni ile mishono mirefu ya muda, ya kushikiza tu, ili mwenye nguo aijaribu mwilini kabla haijashonwa moja kwa moja. Mume wangu hajawahi kumaliza koti bila bandi. Kumwambia amekata bila bandi ni kama kumwambia imamu au mchungaji ameanza ibada kwa kupiga mluzi. Alikaa kwenye kiti changu, si chake, akautazama waya wa kinyozi.

"Una maneno, mke wangu," alisema hatimaye.

"Nina na mapindo ya kumaliza. Mpigie mpwa wako."

Alimpigia, akaweka sauti ya nje ili na mimi nisikie.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimekosea mimi. Nielekeze."

Nashukuru Mungu yule binti hakucheka. Alimtajia neno la kuandika, herufi kwa herufi, na mashine ikajieleza yenyewe: kadi yake ni ipi, ya toleo gani, kifaa chake cha intaneti kimetoka wapi. Mume wangu alisoma kila mstari taratibu, kidole kwenye skrini, jinsi anavyosoma tepu kiunoni mwa mtu.

"Haya, mwili tumeujua," mpwa alisema. "Sasa sikiliza. Linux zipo nyingi. Kuna za kina mzee, zinakaa miaka bila kubadilika. Kwa mashine iliyozoeleka hizo ni nzuri sana, ndiyo maana ile ya kwanza haikukusumbua. Lakini kiini chake, ile sehemu inayoongea na vifaa, kiliandikwa kabla kadi yako haijazaliwa, haijui hata namna ya kuisalimia. Kuna nyingine zinabadilika karibu kila siku. Vifaa vipya zinavijua mapema, ila unaweza kuamka ukakuta kitu kimehamishwa, na wewe mjomba hata mkasi ukihamishwa huli. Halafu kuna za katikati. Zinatoka upya kila baada ya miezi kadhaa, kiini ni kipya, na kila kitu kimejaribiwa kwanza. Zipo hata zilizopangwa makusudi kwa ajili ya michezo."

"Iliyo bora ni ipi?"

"Mjomba, mteja akikuuliza suti iliyo bora ni ipi, unamjibuje?"

Alifikiri. "Namuuliza anakwenda wapi."

"Haya. Wewe unakwenda wapi?"

"Nakwenda kwa dada yangu," alisema mume wangu.

 Nilimsikia mpwa akipenga kamasi. "Basi ni ya katikati," akasema. "Ila usiiweke moja kwa moja. Itie kwenye flashi, uiwashe kutoka hukohuko, uitazame kwanza. Ikikubali ndipo uiweke."

"Bandi," nikasema mimi.

"Nini, mkazamjomba?"

"Endelea tu, mwanangu."

Tuliiwasha kutoka kwenye flashi. Herufi zikaja ndogo, safi, mahali pake. Intaneti ya hewani ikajitokeza yenyewe, nikaukunja waya wa kinyozi na kumrudishia na shukrani zake. Mume wangu alishika dirisha moja kwenye skrini akalivuta huku na huku, juu na chini, anavyovuta mkono wa koti kuona kama unakaza. "Kwapani haibani," alisema. Ndipo akaiweka. Mchezo ulipokwisha kupakuliwa, akaingia barabarani kujaribu, na lori likateleza kama siagi. Mvua ilipoanza kunyesha mchezoni niliona kila tone likishuka kwenye kioo, nikajikuta nainuka kwenda kuanua nguo.

Nilimuuliza mpwa, hao walioiandika ni akina nani hasa? Akasema wengine wameajiriwa kwa kazi hiyo, wengine hufanya wakitoka kwenye kazi zao, na wengine hununua kadi mpya kama yetu, wakakutana na hitilafu, wakaripoti, zikarekebishwa kabla sisi hatujafungua hata boksi. Hawatujui. Sisi ni fundi na mkewe kwenye chumba chenye vitambaa, na kuna mtu mahali fulani alihangaika ili lori la mume wangu lisiruke. Nimeshona kwa watu wengi, lakini kumshonea mtu nisiyemwona na nisimdai chochote, hilo sijalifanya. Siku ile niliwaombea bila majina. Mungu anawajua.

Jumapili ikafika. Mpwa alimwambia mama yake kwamba leo ni mjomba mwenyewe, kweli kabisa, wallahi. Wifi aliwasha kompyuta. Alimtazama binti yake kwa jicho la mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka, lakini aliwasha.

Tatizo tulikuwa hatujalifikiria. Dereva mpya mchezoni hupewa lori jeupe la kuajiriwa, na rangi ni mpaka uitolee jasho. Kwa hiyo mume wangu wa kweli alifika kituo cha mafuta kama mgeni, na yule wa uongo wiki iliyopita alikuwa amekuja na kijani.

Lori jekundu lilikuwa pale, injini inanguruma. Mume wangu akapiga honi fupi moja. Kimya. Akawasha taa, akazima. Kimya. Lori jekundu likawasha taa ya kona, likaingia barabarani, likaanza kuondoka.

"Anadhani ni mtoto tena," alisema. Nimeishi naye miaka yote hii na sijawahi kuona mikono yake ikikosea, na sasa ilikosa gia. Mikono inayoingiza uzi kwenye sindano bila miwani!

"Mfuate," nikamwambia.

Akamfuata. Jekundu likaongeza mwendo, naye akaongeza. Alipiga honi zote anazozijua, ndefu na fupi, na hakuna iliyojibiwa. Nilisimama nyuma yake nimeshika mabega yake, na nasema wazi, nililia, kwa sababu niliona pazia lile likifungwa na safari hii halifunguki.

Kisha lori jekundu likasimama katikati ya barabara.

Likakaa. Mume wangu naye akasimama nyuma yake. Na simu yake, pale mezani kati ya chaki na mkasi, ikaita. Jina la dada yake. Tangu upasuaji jina lile lilikuwa halijatokea kwenye simu ile.

Aliipokea, akaweka sauti ya nje. Hakukuwa na neno. Tulisikia pumzi, nzito kidogo, ya mtu anayengoja asikie kama ni yeye au si yeye. Halafu kidole.

Tak tak.

Mume wangu aliinamia simu. "Ni mimi, dada," alisema. "Nimebadilisha shati tu."

Honi ndefu ilitoka kwenye kompyuta na kwenye simu kwa pamoja, ikakaa, ikakaa, mpaka kinyozi akachungulia dirishani kuuliza kuna nini. Mume wangu alicheka huku machozi yanamdondokea kwenye usukani wa plastiki. Simu hakuikata. Aliiegemeza kwenye boksi la nyuzi, akaingiza gia, wakaondoka.

Ile flashi ya Linux ya zamani hakuitupa. Ilitutumikia vizuri wakati wake, na siku akiletewa mashine ya zamani ataipima kwanza, kisha ataona.

Na asubuhi siku hizi simu inaita mapema, kabla mume wangu hajajaza pini mdomoni. Mara nyingi naipokea mimi. Tak tak.

"Tumeamka salama, wifi," namwambia. "Na wewe, umeamka salama?"

Tak.